Nguzo ya Ua Imeoza Ndani ya Saruji? Usivunje Sakafu Yote

Nguzo ya ua iliyosimikwa kwenye sakafu ya saruji huonekana imara hadi siku inapoegemewa. Juu rangi ingali inang'aa. Chini, pale inapoingia sakafuni, mti umeoza au bomba limeliwa na kutu. Katika shule ya chekechea, zahanati au uani nyumbani, anayeegemea mara nyingi ni mtoto. Somo la toleo hili linaeleza namna ya kubadilisha nguzo kama hiyo bila kubomoa sakafu nzima.

Kwa nini huharibika hapo

Zege likikauka husinyaa kidogo, na mti nao hunywea. Ufa mwembamba hubaki kuzunguka nguzo. Maji ya mvua na ya kupiga deki huingia humo, na kwa kuwa chini shimo limezibwa na zege kama bakuli, hayana pa kutokea. Kuvu hula mti, kutu hula chuma. Karibu na bahari, chumvi iliyo hewani huharakisha kutu. Ukisimika nguzo mpya ndani ya bakuli lile lile, nayo itaharibika vile vile.

Kagua kwanza

Sukuma kila nguzo kwa mkono. Dunga mti kwa bisibisi usawa wa sakafu. Ikizama kwa urahisi, umeoza. Bomba ligonge kwa nyundo, likibonyea, limekwisha. Kabla ya kutoboa, hakikisha unajua mabomba ya maji na nyaya za umeme zinapopita. Vaa miwani na barakoa, kwani vumbi la zege hudhuru mapafu.

Njia ya kwanza: shimo lile lile

1. Kata nguzo kuukuu juu kidogo ya sakafu.
2. Kisiki cha mti kitoboe matundu mengi kwa drili, kisha kichokoe kwa patasi. Kama ni bomba, kata mraba kulizunguka kwa grainda yenye diski ya zege, ndipo uchonge. Mkato huo huzuia nyufa kuenea.
3. Toboa chini ya shimo hadi ufikie udongo, kisha weka kokoto inchi 4 ili maji yapenye. Nguzo ya futi 5 juu ya sakafu inahitaji takriban futi 2 chini. Shimo likiwa fupi, chimba zaidi.
4. Simamisha nguzo juu ya kokoto, pima kwa timazi pande mbili, iegemeze kwa mbao.
5. Mimina zege: saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Malizia kwa mteremko unaotoa maji mbali na nguzo.

Njia ya pili: bamba na bolti

Sakafu ikiwa nzima na yenye unene wa inchi 4 au zaidi, kata nguzo kuukuu usawa wa sakafu, ziba shimo, kisha funga nguzo mpya ya chuma iliyochomelewa bamba chini. Bamba likae kando ya shimo la zamani, si juu yake, na lishikwe na bolti 4 za kupanuka za milimita 12. Usitoboe karibu na ukingo wa sakafu. Hapo zege hupasuka.

Njia hii yafaa ua mfupi wa waya. Ua mrefu wa mabati hushika upepo kama tanga, na kusi ikivuma huweza kung'oa bolti. Nguzo zake zichimbiwe.

Subira na mabaki

Mwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku 7, na usikaze waya wala kutundika lango kabla ya hapo. Nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa baada ya siku 28.

Nguzo nyingi za mikaratusi zilizotiwa dawa zina shaba, kromiamu na aseniki. Usizifanye kuni, hata zikiwa zimeoza: moshi na majivu yake ni sumu.

Iwapo unataka kusogeza ua au kujenga ukuta, fika kwanza kwenye afisi ya mipango ya kaunti upate maelekezo kuhusu idhini. Nao wasimamizi wa shule na zahanati wanaombwa kuripoti nguzo inayotikisika na kuizungushia kizuizi siku hiyo hiyo.