Vumbi la Meru Ndani ya Mota

Gari la rimoti la mashindano halina siri nyingi: betri, mota, giya, matairi. Ugumu huanza pale mwenye gari anapotaka mota itoe zaidi ya ilivyotoka dukani, hasa akiwa anakimbiza Usa River, chini ya Mlima Meru.

Je, hewa nyepesi ya huku hupunguza nguvu?

Hapana. Bodaboda inayopanda kutoka Usa River kwenda Ngurdoto huishiwa pumzi kwa kuwa petroli huungua kwa hewa. Mota ya umeme haipumui. Shida yake ni kupoa: kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo huondoa joto kidogo.

Namba 13.5 na 17.5 kwenye mota ni za nini?

Fundi wa kusuka mota za pampu hahitaji kuelezwa: ni mizunguko ya waya. Ikipungua, kasi hupanda na umeme huliwa zaidi. Mota nyingine huandikwa kV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Ya kV 3,500 kwenye betri ya volti 7.4 hukaribia 25,900 ikiwa haina mzigo.

Kipi kianze, taimingi au giya?

Giya, bila ubishi. Taimingi, yaani pembe inayoamua koili zipate umeme mapema kiasi gani, ikisogezwa mbele nyuzi chache, gari hukimbia zaidi, lakini joto nalo hupanda, na wengi hunogewa na la kwanza wakasahau la pili. Mwenye gari afunge pinioni (giya ya kwenye mhimili wa mota) ndogo, akimbize dakika mbili, apime joto la mota, ndipo aongeze jino moja. Taimingi ije mwisho.

Joto lisifike nyuzi 80 za Selsiasi. Hapo sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu, na zikipoa haziirudishi yote. (Kipimajoto cha paji la uso, kile cha enzi za korona, hakifai, vingi huishia nyuzi 42 au 43.)

Na vumbi?

Hili ndilo la Meru hasa. Funga sumaku ya spika chakavu kwenye karatasi, ipitishe juu ya mchanga mweusi wa volkano: itainuka na ndevu za chembe nyeusi. Chembe hizohizo hunasa kwenye sumaku za mota na kukwaruza ndani. Kuziba matundu yote kunazuia vumbi lakini kunafungia joto, kwa hiyo kitambaa chepesi cha soksi ya nailoni juu ya matundu hufaa zaidi, kikung'utwa kila baada ya mbio.