Spika Zikikoroma, Usikate Pini

Mdogo wangu, sogea hapa karibu tuongee. Najua inavyouma. Wageni wameshakaa, bibi harusi yuko mlangoni, wewe unachomeka waya wa laptop kwenye amplifaya, na kabla wimbo haujaanza ukumbi mzima unasikia mmmmm. Shingo zote zinakugeukia. Unatikisatikisa waya, jasho linakutoka, na mvumo ndiyo kwanza unazidi.

Usijione mjinga. Hapa Isaka, kuanzia vibanda umiza wanakopumzikia madereva wanaosubiri mizigo bandari kavu, mpaka kumbi za harusi kule Kahama, wengi yamewakuta. Kinachokuponza ni haraka tu. Unaanza kulaumu spika, unamwita fundi, hela inakwenda, kumbe hakuna kilichoharibika.

Fanya hivi kwanza: chomoa chaja ya laptop, iache itumie betri. Mvumo ukikata hapo hapo, umeshamjua mbaya wako. Chaja imeshika ethi, yaani waya wa ardhini, kwa soketi yake, amplifaya imeshika ethi kwa soketi nyingine, halafu waya wa sauti umezikutanisha. Umeme kidogo unapata njia ya kuzunguka humo, na umeme wetu wa gridi hutetema mara 50 kwa sekunde. Ndiyo hiyo sauti nzito inayokutia aibu. Basi chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, au piga muziki kwa betri. Ukiweza, nunua kile kifaa kidogo cha kuzuia mvumo kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Ndani yake kuna transfoma ndogo zinazopitisha sauti bila nyaya kugusana. Hata Bluetooth inafaa, maana pasipo waya umeme huo hauna pa kupita.

Sasa ngoja nikukemee, na unisikilize vizuri. Nawajua nyie: mkiambiwa tatizo ni ethi, mnakimbilia koleo na kukata pini ndefu ya plagi. Ni kweli mvumo unaweza kukoma. Lakini pini ile ndiyo inayoupeleka umeme ardhini na kukata fyuzi pale waya wa moto unapogusa bodi ya chuma. Ukiiondoa, bodi inaweza kubaki na volti 230, ikimsubiri atakayeigusa: wewe, mshereheshaji mwenye maiki mkononi, au mtoto aliyekuja kucheza muziki. Majuto ni mjukuu, mdogo wangu, na aibu ya spika kukoroma inasahaulika kesho yake. Msiba hausahauliki.

Je, uko kwenye betri na bado inavuma? Usikate tamaa. Chomoa waya wa sauti upande wa amplifaya. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa uko kwenye amplifaya yenyewe, hapo mwite fundi kwa haki. Ikinyamaza, kagua waya. Ukiuzungusha taratibu kwenye tundu ukasikia kwaruzakwaruza, waya huo umechoka, ubadilishe. Ukisikia titititi, hiyo ni simu iliyowekwa juu ya amplifaya, iondoe. Na kama unatumia inveta ya bei rahisi ya sola, yenyewe huweza kuleta mlio, basi usiigombeze laptop bure.

Halafu acheni tabia ya kuweka sauti ya laptop chini na kukaza amplifaya mpaka mwisho. Mnakuza kelele pamoja na wimbo. Pandisha ya laptop kwanza, karibu robo tatu, ndipo amplifaya ifuate polepole. Na uchomeke kwenye tundu la aux, siyo la maiki.

Haya yote yafanye asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, kitu kimoja kimoja. Haraka haraka haina baraka. Jaribu mapema, weka betri imejaa, na ile pini ya ethi, nakusihi, iache mahali pake.