KULINGANISHA MAUMBO KWA KOMPYUTA

Sisi sote twajua kuchora mstatili ubaoni. Lakini kompyuta haina macho. Haijui mstatili ila kwa namba. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi inavyoambiwa umbo, na jinsi inavyopambanua umbo na umbo.

Katika lugha ya Python iko programu iitwayo Shapely. Programu hii ina kiolesura, yaani orodha ya amri ambazo mtu huziita bila ya kujua yafanyikayo ndani, kama mteja aagizavyo chai asiingie jikoni. Umbo huandikwa kwa pembe zake zikifuatana. Tuseme shamba la Juma lina pembe (0, 0), (40, 0), (40, 30) na (0, 30), kwa mita. Amri ya area hutoa jibu 1,200, yaani mita za mraba.

Sasa mpimaji mwingine alipime shamba lile lile, ila aanzie pembe ya (40, 30). Je, ni shamba moja au mawili? Alama ya == husema si sawa, kwa sababu hutazama namba moja moja kwa kufuatana kwake. Amri ya equals husema ni sawa, kwani hutazama eneo lililozungukwa, wala haijali pembe ipi imetajwa kwanza.

Yafaa tujihadhari na mambo mawili. Kwanza, ukubwa sawa si umbo sawa: shamba la mita 60 kwa 20 nalo ni 1,200. Pili, katika jiometri ya Euclid maumbo mawili hulingana hata yakiwa mbalimbali. Equals haikubali hivyo: ukilisogeza shamba la Juma mita 50, jibu ni hapana. Na kwa ardhi ndivyo ifaavyo.

Tena, tuseme karatasi ya Ali yaonyesha mstatili kutoka (30, 0) hadi (70, 30). Amri ya intersection hutoa kipande walichoingiliana: mita 10 kwa 30, yaani 300, robo nzima ya shamba la Juma! Kila karatasi peke yake haina kasoro. Zikiwekwa pamoja ndipo ugomvi huonekana. Kompyuta haiamui nani mwenye haki. Hiyo ni kazi ya baraza. Lakini yaonyesha hasa mahali penye shauri, kabla watu hawajashikana mashati.

Zoezi: shamba la pembetatu lina pembe (0, 0), (40, 0) na (0, 30). Limeingia kiasi gani katika shamba la Ali? Jibu ni mita za mraba 37.5. Onyesheni njia kwa kalamu.