Wito Hutambulikana kwa Nini?

Huko Kakontwe, katika Likasi, yako mawe ya chokaa. Likasi ndio mji ule ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966. Watu huyachimba mawe hayo, na mengine huchomwa katika tanuru. Mtu asiyezoea kazi hiyo akiokota mawe mawili njiani, hajui lipi ni la chokaa na lipi silo. Yote mawili ni ya kijivu, yote mawili ni magumu. Lakini moto huyapambanua. Jiwe la chokaa hutoka motoni jeupe na jepesi, nalo likimwagiwa maji hutoa joto, huvunjika na kuwa unga ufaao kazi nyingi. Jiwe jingine hutoka motoni jiwe vile vile.

Wito wa kupeleka Habari Njema nao haujulikani kwa kutazamwa tu. Mtoto mmoja husema kwamba ameitwa, kwa sababu apenda kanzu nyeupe ya padri. Mwingine husema hivyo kwa sababu atamani kusafiri na kuona nchi za mbali. Mwingine hujiona hakuitwa, kwa kuwa hajasikia sauti usiku wala hajaota ndoto. Wote watatu wanatazama jiwe kwa nje. Afadhali watazame habari ya vijana wawili wa Uganda.

Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa Waacholi, watu wa Uganda ya kaskazini. Daudi alizaliwa karibu na mwaka 1902, na Jildo karibu na mwaka 1906. Walifundishwa dini na Wamisionari wa Komboni katika misioni ya Kitgum, wakabatizwa mwezi wa Juni 1916. Daudi alikuwa kijana mpole, mwenye haya, asiyependa ugomvi. Jildo alikuwa mchangamfu, naye alijua kuwakusanya watoto wenzake kwa michezo.

Mwanzo wa mwaka 1917 alikufa Antonio, katekista wa Paimol. Watu wa huko wakabaki bila mwalimu. Basi Daudi akaenda kwa Padri Cesare Gambaretto, mkuu wa misioni, akajitoa kushika mahali pa marehemu. Padri hakumficha neno. Alimweleza kwamba njia ni ndefu, yapata kilomita 80. Kwamba watu wa Paimol hupigana wao kwa wao. Kwamba wanyang'anyi hupita huko. Tena akamwuliza itakuwaje wakiuawa. Daudi akajibu kwamba watakwenda mbinguni, aliko Antonio; yeye haogopi kufa, maana Yesu naye alikufa kwa ajili ya watu.

Hata hivyo Daudi hakuondoka siku ile. Alingoja mpaka mwisho wa mwaka, alipowekwa rasmi kuwa katekista wa Paimol, na Jildo akapewa awe msaidizi wake. Bonifasi, mkubwa wa makatekista, akawapa maagizo. Padri akawabariki. Ndipo wakashika njia, na Bonifasi akafuatana nao.

Kazi yao kule haikuwa na fahari. Kila alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita watoto kwa sala. Kisha aliwafundisha maswali na majibu ya katekisimu, akiwaimbisha ili wasisahau. Aliwatembelea wazazi wao mashambani na penye mifugo. Jua liliposhuka aliwaita tena kwa Rozari, wakamaliza kwa wimbo wa Bikira Maria. Kesho yake, ngoma tena.

Mwaka 1918 nchi ya Paimol ikachafuka. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeingilia mambo ya mtemi wao, watu wakakasirika, na wengine wakataka mafundisho ya dini yakome. Katikati ya Oktoba, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha wakaja nyumbani kwa makatekista. Mzee wa kijiji akawatetea wageni wake, lakini Daudi akamsihi asijiingize katika hatari kwa ajili yao. Waliposhurutishwa kuacha kufundisha, Daudi na Jildo walikataa. Daudi akachomwa mkuki. Jildo aliambiwa aende zake, naye akajibu kwamba walikuja pamoja na kufundisha pamoja. Naye akauawa. Mahali pale watu wakapaita Wi-Polo, maana yake mbinguni. Tarehe 20 Oktoba 2002, Papa Yohane Paulo wa Pili akawatangaza kuwa wenye heri.

Katika habari hii zimo alama nne za wito.

Kwanza, Daudi hakuanza kwa kujitazama mwenyewe. Aliona watu hawana mwalimu, akasikitika, akasimama. Mara nyingi Mungu huita kwa njia ya haja ya watu wengine.

Pili, Daudi alielezwa taabu zote, wala hazikumgeuza nia. Hakuitafuta hatari, lakini hakuificha machoni pake. Mtu asiyetaka kusikia habari za taabu hajajua bado anachokitaka.

Tatu, Daudi alijitoa, lakini hakujituma. Aliacha wakubwa wampime, akangoja karibu mwaka mzima. Mwitwa hukubali kuulizwa, hukubali pia kuambiwa bado.

Nne, alidumu katika mambo madogo. Wengi hudhani kwamba moto uliompima Daudi ni ule mkuki. Lakini mkuki ulikuwa wa asubuhi moja, na ngoma ilikuwa ya kila alfajiri. Aliyechoka kupiga ngoma hangaliweza kusimama mbele ya mkuki.

Tena, si wote huitwa kwa njia moja. Mwaka ule ule wa 1917, tarehe 21 Julai, Stefano Kaoze, mtu wa Katanga, alipewa upadre huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Alikuwa Mkongo wa kwanza kupewa upadre katika Kongo ya Wabelgiji, na moto wake ulikuwa miaka mingi ya masomo. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, huko Karema, alikaa Adrian Atiman. Utotoni aliuzwa utumwani, mapadri wakamkomboa, akasomea uganga kule Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Daudi alitumikia Paimol muda usiotimia mwaka. Atiman alitumikia Karema miaka 67. Huyu hakuwa padri wala hakuuawa, lakini alitumwa kweli.

Tena, mtu hawezi kuitwa kwa niaba ya mwingine. Mzazi asimsukume mwanawe apate sifa kwa majirani; wala asimzuie kwa hofu ya kukosa msaada pasipo kumsikiliza. Na kijana akiisha kusali, akapimwa kwa haki, akaonekana hakuitwa kwenda mbali, hakutenda dhambi, wala Mungu hakumkataa. Fundi mwaminifu na mama mwema nao wanao wito wao.

Basi mtoto wa Kakontwe anayejiuliza kama ameitwa asiwe na haraka. Asali kila siku, hata maneno machache. Amweleze padri au katekista mawazo yake bila kuficha. Tena aanze na kazi iliyo karibu: kumfundisha mdogo wake sala, kumchotea maji mgonjwa wa jirani, kufika shuleni siku ya mvua. Akiona kwamba kazi hizo, baada ya miezi mingi, zamwachia amani na hamu ya kutumika zaidi, asiogope kuuliza tena.

Maswali
1. Kwa nini jiwe la chokaa halijulikani kwa kutazamwa tu?
2. Padri Gambaretto alimweleza Daudi taabu gani?
3. Kwa nini Daudi hakuondoka siku ile ile aliyojitoa?
4. Zitaje alama nne za wito. Ipi ni ngumu kuliko zote? Eleza sababu.
5. Maisha ya Atiman na ya Daudi yalifananaje, na yalitofautianaje?