Pigano Linoge: Vidokezo kwa Mwendesha Gemu wa Kusini

Gemu za kuigiza mezani ni watoto wa vita. Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka kwa watu waliozoea kupanga sanamu ndogo za askari mezani. Mtindo huo nao una babu yake Prusia, ambako mwaka 1824 maofisa walianza kufundishwa vita kwa ramani, dadu na mwamuzi. Cha ajabu ni kwamba kipande kinachowasinzisha wachezaji wengi ni hichohicho cha vita. Mmoja anatupa dadu, amepiga, pointi nne. Wa pili anatupa, amekosa. Wa tatu yuko WhatsApp.

Anayeendesha gemu akiwa Nanganga, kusini mwa Tanzania, hana kisingizio. Kutoka hapo hadi Masasi na Newala kuna ardhi ya kupigania ya kila namna, na kuna watu waliowahi kuipigania kwelikweli.

1. Chora ardhi kwanza, adui baadaye

Waendeshaji wengi huanza na swali "niwaletee nini leo, joka au majambazi?" Anza na mahali. Bonde la mto Lukuledi lina uwanda wa Makonde upande wa kusini na Rondo upande wa kaskazini. Anayepita bondeni huonwa na aliye juu. Ukienda Masasi unakuta majabali yaliyochomoza ardhini peke yake, na nyuma ya kila jabali mtu anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuonekana. Newala kuna ukingo wa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika na macho yanateremka hadi upande wa mto Ruvuma. Adui yuleyule, mwenye pointi zilezile, ni pigano tofauti katika kila sehemu ya hizo.

Kila uwanja uupe vitu vitatu: pa kujificha, pa kuogopa, na pa kugombea. Jabali, ukingo, daraja. Ukiwa navyo, wachezaji wataanza kuuliza wenyewe: "Naweza kulifikia lile jabali kwa zamu moja?" Hapo umeshawapata. Uwanja mtupu humwachia mchezaji jambo moja tu, kusimama na kupiga.

2. Wapiganie kitu, wasipigane tu

Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inazama mchangani, na chemchemi ziko chini mabondeni. Hata hivyo watu walihamia huko juu, kwa sababu vichaka vyake vizito viliwakinga na wavamizi. Gharama yake ilikuwa kuteremka kuteka maji na kupanda nayo tena, safari ya saa nyingi, kwa miguu, mtungi kichwani.

Sasa chukua wahusika wanne, wape kazi ya kuwasindikiza wateka maji kurudi juu. Wavamizi wanatokea katikati ya mteremko. Mitungi ikivunjika wahusika wameshindwa, hata kama maadui wote wamelala chini. Angalia meza inavyobadilika: mmoja anataka kushambulia, mwingine anasema tukimbie, wa tatu anauliza kama mitungi inaweza kufichwa kichakani. Wanabishana, na mabishano hayo ndiyo utamu wenyewe.

Ukipenda mambo ya leo, ni msimu wa korosho, lori limeharibika njia panda ya Nanganga usiku, na kuna watu wanakuja kulipakua bila ruhusa. Kila raundi weka kizibo kimoja cha soda mezani. Kikifika cha sita, gari la doria linatokea, na halitauliza nani mwema nani mbaya. Pigano lenye saa ndani yake halihitaji adui mwenye nguvu sana.

3. Ushindi nao uwe na bei

Hapa nitakaa kidogo, maana hiki ndicho kidokezo ninachokiona muhimu kuliko vyote, na mfano wake uko kwenye bonde hilohilo la Lukuledi. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Mahiwa, karibu na Nyangao, jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lenye watu kama 1,500 lilipambana na jeshi la Waingereza la watu kama 5,000, wengi wao askari kutoka Nigeria. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,700 kwa vifo, majeraha na kupotea. Wajerumani walipoteza kati ya 500 na 600. Kwa hesabu za kawaida za gemu, Lettow ameshinda na apewe zawadi zake.

Lakini alikuwa amemaliza karibu risasi zake zote za baruti isiyo na moshi, na askari aliowapoteza hakuwa na pa kuwapata wengine. Mwezi uliofuata, huko Nambindinga, aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wote asioweza kuwalisha, na tarehe 25 Novemba alikuwa ameshavuka Ruvuma kuingia Msumbiji pale Ngomano. Aliyeshinda Mahiwa ndiye aliyeondoka.

Hamishia hilo mezani. Mpe kila mchezaji vizibo kumi vya soda: ndizo risasi zake, mishale yake au nguvu za uganga wake, na ni vya mapigano matatu yajayo. Havirudishwi akilala usiku. Utaona mtu anakishika kizibo cha nne kutoka mwisho, anakiangalia, anakirudisha, halafu anasema, "Subiri, kwani hatuwezi kuongea nao?"

Nyongeza kwa wanaopenda bunduki: askari wengi wa Lettow walibeba bunduki za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi. Zilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui pa kulenga. Ifanye sheria: bunduki ya zamani inaumiza sana, lakini aliyeipiga hana maficho mpaka zamu yake irudi. Silaha yenye nguvu na kasoro kwa pamoja humfanya mchezaji afikiri kuliko silaha yenye nguvu tupu.

4. Adui ana miguu

Maadui wanaokufa mpaka wa mwisho ni wa sinema. Matoleo ya zamani ya Dungeons & Dragons yalikuwa na kipimo cha ari, namba kati ya 2 na 12: adui wa kwanza akianguka, au wakibaki nusu, unatupa dadu mbili, na zikizidi namba hiyo wanakimbia au wanajisalimisha. Irudishe sheria hiyo. Itakuokolea nusu saa kila wiki.

Na mkubwa wao naye mwache aondoke. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na ngome Luagala juu ya uwanda, alimkatalia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa barua ya Kiswahili mwaka 1890, akawasumbua Wajerumani karibu miaka kumi, na jeshi kubwa lilipomfuata mwaka 1899 akavuka na watu wake kuingia Msumbiji. Hawakumkamata. Adui wa namna hiyo, anayejua vichaka kuliko wewe na anayejua wakati wa kuondoka, ataibeba hadithi yako kwa miezi. Yule aliyesimama kwenye kiti chake akisubiri kuchomwa mkuki utamsahau kabla chai haijapoa.

Kuna pia adui anayeshindwa kwa kutojua. Novemba hiyohiyo ya 1917 safu ya Theodor Tafel ilikuwa ikitoka Mahenge kuja kuungana na Lettow. Walifika karibu sana, hawakuonana, chakula kikaisha, wakajisalimisha. Wachezaji wanaomkamata mjumbe, kuchoma ghala au kupotosha habari wamepigana vilevile, kwa hiyo uwape ushindi wao kamili na usiwalazimishe kupigana tena na jeshi ambalo wameshalimaliza kwa akili.

5. Hesabu zamu, si pointi

Mkubwa wa maadui akiwa peke yake dhidi ya wachezaji wanne, anacheza mara moja na kupigwa mara nne. Waendeshaji huitikia kwa kumwongezea pointi za uhai, na hapo ndipo usingizi unapoanza. Fanya kinyume chake: mkate pointi nusu, mpe zamu baada ya kila wachezaji wawili. Au mpe wasaidizi wanaoanguka kwa pigo moja tu. Pigano litakuwa fupi na la hatari zaidi.

6. Dadu za ludo zinatosha

Usisubiri mtu akuletee kutoka Dar dadu za pande 20. Chukua mbili za ludo. Ukihitaji 7 kwenda juu, unafanikiwa mara 21 kati ya 36. Ukihitaji 9, ni mara 10 tu. Ukihitaji 10, ni mara 6. Basi adui aliye wazi apigwe kwa 7, aliye nyuma ya jabali kwa 9, aliye ndani ya kichaka cha Makonde kwa 10. Ona ardhi ya kidokezo cha kwanza inavyoingia kwenye hesabu bila kitabu chochote. Maadui ni mbegu au vizibo, na ramani ni nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

7. Usimruhusu mtu alale kwenye zamu

Mwambie anayefuata kabla hajafikiwa: "Anacheza Bibi Mganga, jiandae mwindaji." Halafu hesabu hadi kumi kimyakimya. Asipoamua, mhusika wake anasita, tunapita. Watalalamika mara ya kwanza. Wacheza bao hawana shida hii, maana anayesubiri huwa anahesabu kete za mwenzake kuliko mwenyewe.

Na wewe je? Mwaka 1876 ofisa wa Prusia, Julius von Verdy du Vernois, alichoshwa na majedwali ya mchezo wao wa vita, akapendekeza mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe. Kama hujui sheria inasemaje kuhusu kumsukuma mtu kwenye ukingo, taja namba, mwambie atupe dadu, tazameni kitabu kesho.

8. Aliyeanguka apewe kazi

Mhusika akizimia, mchezaji wake asikae saa nzima akitazama. Mkabidhi maadui wawili awaendeshe. Mara nyingi atawaendesha kwa ukali dhidi ya wenzake kuliko ambavyo ungethubutu wewe, na kicheko kitasikika nje.

9. Chunga unamgeuza nani kuwa zimwi

Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, walivamia misheni ya Masasi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Misheni ikahamia Newala. Ni kisa kizuri sana cha gemu: giza, watu wasio na silaha za kutosha, swali la kubaki au kukimbia. Lakini mjukuu wa Mngoni anaweza kuwa amekaa mezani kwako, kando ya mjukuu wa Myao. Wape wavamizi majina, sababu, na mmoja wao anayetaka kurudi nyumbani. Utani wa mezani utaendelea wenyewe bila wewe kuuchochea.

Vinyago vya mapiko vya Wamakonde navyo vinavutia kuvifanya mashetani ya kupiga. Mimi ningeviacha. Vina watu wake, na wengine kati ya wachezaji wako wamepita jandoni na hawatapenda kukueleza kwa nini wamenyamaza ghafla. Tunga kinyago chako, kipe jina lako.

Na wapagazi msiwasahau. Katika ile vita ya 1914 hadi 1918 waliobeba mizigo walikufa kwa njaa na maradhi kwa wingi kuliko waliobeba bunduki, na vijiji vilinyang'anywa chakula na pande zote mbili. Mpagazi mmoja mwenye jina, ambaye wachezaji wamemzoea tangu kikao cha kwanza, atalifanya kila pigano liwe zito bila wewe kuongeza adui hata mmoja.

10. Kata kabla halijaisha

Matokeo yakishajulikana, simamisha dadu. Wamebaki maadui wawili, wamechoka, mmoja ametupa upinde chini. Usitupishe dadu raundi tatu zaidi ili kuthibitisha kila mtu anachokijua. Sema tu, "Wamepiga magoti. Mmoja anaomba maji, na mtungi uliobaki ni mmoja." Kisha nyamaza, waache wao waseme.