Kristo wa Taüll: Kanisa Dogo Lililobanduliwa Ukuta



Katika somo la leo la sanaa takatifu twende Hispania, upande wa Katalunya, kwenye milima ya Pyrenees. Kuna kijiji kinaitwa Taüll, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake kanisa dogo la Mtakatifu Klementi, au Sant Climent kama wenyewe wanavyoliita. Lilitabarukiwa na Askofu Ramon wa Roda tarehe 10 Desemba 1123. Kesho yake akatabaruku kanisa la pili la kijiji hichohicho, la Bikira Maria. Siku kamili tunaijua kwa sababu waliiandika kwa rangi kwenye nguzo ya kanisa lenyewe. (Jamani, vigango vyetu vingapi vya juzi tu, ukiuliza vilibarikiwa lini, wazee wanaanza kubishana?)

Jengo lenyewe halina makuu. Kuta ni za mawe ya mlimani, yaliyochongwa kidogo tu na kupangwa kwa mistari. Paa ni la mbao. Ndani, nguzo nene za mviringo zinaligawa kanisa sehemu tatu, na kila sehemu upande wa mashariki inaishia kwenye ukuta wa nusu duara. Pembeni umesimama mnara wa ghorofa sita, wenye madirisha yaliyogawanywa kwa viguzo vyembamba. Mafundi walijenga kwa mtindo uliotoka Italia ya kaskazini, na makanisa mengine ya bonde hilo yanafanana nalo. Ndiyo maana mwaka 2000 UNESCO iliyaweka makanisa tisa ya Vall de Boí kwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Utajiri wa Sant Climent ulikuwa nyuma ya altare. Kwenye nusu kuba pale juu alichorwa Kristo mtukufu, ameketi, mkono wa kuume umeinuliwa kubariki. Mkono wa kushoto ameshika kitabu kilichofunguliwa, chenye yale maneno ya Yohane 8:12 anapojiita nuru ya ulimwengu, kwa Kilatini. Alfa na Omega zinaning'inia huku na huku kama taa. Chini yake wako mitume pamoja na Mama Maria, ambaye ameshika bakuli linalotoa miali myekundu. Kwenye matao yapo mambo mengine, mojawapo ni Mwanakondoo mwenye macho saba wa Ufunuo 5:6.

Sasa fikiria mkulima wa karne ya 12 asiyejua kusoma. Padri anaadhimisha Misa, na juu yake kabisa, kwenye mstari uleule wa macho, yupo Kristo anayebariki. Ile picha haikuwa pambo. Ilikuwa inamwambia nani amekuja pale altareni.

Michoro hiyo ilichorwa juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa ikikauka inageuka jiwe na kuikamata rangi, ndiyo maana ilidumu miaka mia nane. Lakini mwaka 1919 watu wa makumbusho ya Barcelona waligundua kwamba wafanyabiashara wanazunguka milimani wakinunua michoro ya makanisa ili kuiuza nje. Ukuta wa kanisa moja, Santa Maria de Mur, ulikuwa umeshanunuliwa. Mwaka 1921 ukaishia kwenye makumbusho ya Boston, Marekani, na upo hukohuko mpaka leo.

Barcelona wakaamua kuwawahi. Walinunua michoro iliyobaki, wakawaita mafundi kutoka Italia. Fundi anapaka gundi ya wanyama juu ya picha na kubandika kitambaa. Gundi ikikauka inajikunja na kuivuta ile ngozi ya rangi, kisha kitambaa kinabanduliwa taratibu na picha inatoka nacho. Vitambaa vikaviringishwa kama mikeka na kushushwa bondeni kwa nyumbu. Kazi katika makanisa ya milimani iliendelea hadi 1923. Kristo wa Taüll sasa yuko makumbusho ya taifa ya sanaa ya Katalunya, Barcelona.

Je, walifanya vyema? Mimi nasema ndiyo, ila si kwa furaha. Wangechelewa, Kristo huyo angeuzwa vipandevipande. Halafu ikaja vita ya 1936, na makanisa mengi ya Katalunya yakachomwa moto. Lakini gharama ilikuwepo: watu wa Taüll waliendelea kusali mbele ya ukuta mtupu, na Barcelona Kristo anatazamwa na maelfu ya watu, lakini hakuna Misa chini yake. Picha imepona, kazi yake imekatika. Wanaosema makumbusho na kanisa ni sawasawa, yaani muhimu picha ionekane, siwaelewi.

Kanisa lenyewe lina sheria juu ya mambo haya, na viongozi wa vijana tuzijue. Kanuni ya 1189 inataka sanamu na picha za thamani zinazoheshimiwa na waamini zisitengenezwe upya bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mamlaka, ambaye naye awasikilize kwanza wataalamu. Kanuni ya 1292 inadai kibali cha Kiti Kitakatifu kabla ya kuuza kitu chenye thamani ya sanaa au historia. Kwa hiyo kamati ya ujenzi, hata ikiwa na nia njema na ndoo ya rangi mkononi, haina mamlaka ya kufuta mchoro wa zamani hivihivi.

Tangu 2013 pale Taüll wanamulika picha hiyo kwa mwanga juu ya ukuta wake wa asili, na rangi zinarudi mahali pake kwa dakika chache. Katika matengenezo yaliyotangulia, mabaki ya rangi halisi yalionekana ukutani, mojawapo ni tukio la Kaini na Abeli.

Kwa kikao cha wiki hii, tafuteni picha ya Kristo huyo kwenye simu, msome Ufunuo sura ya 4 na ya 5 polepole huku mkiitazama. Kisha someni Luka 16:19-21 na mtafute Lazaro kwenye tao. Amelala mlangoni na vidonda vyake, mbwa anamlamba, na wachoraji wakamweka hapo hapo karibu na altare.