Somo la Wiki: Geji ya Presha ya Oili



Kiswahili cha jikoni wengi wetu tunacho. Cha gereji ndicho kinachotukimbia. Wiki hii tunafunga geji ya presha ya oili kwenye gari la zamani, mfano Mini au Land Rover, ambayo hapa Uingereza watu wengi huyatunza wenyewe nyumbani.

Kwa nini geji?

Pampu husukuma oili ipite kati ya vyuma vinavyozunguka ili visisagane. Magari mengi ya zamani yana taa tu. Taa hiyo huwaka presha ikishaanguka sana, mara nyingi chini ya nusu baa. Taa hujibu "ipo" au "haipo". Geji hujibu "kiasi gani". Dereva mwenye geji huona presha ikipungua kidogo kidogo, akampeleka mgonjwa kwa fundi kabla injini haijafa.

Msamiati

*Sensa*: kifaa kinachopima presha kwenye injini na kuipasha geji habari kwa waya.
*Kiungo cha T*: bomba dogo lenye midomo mitatu.
*Chanya na hasi*: pande mbili za umeme wa betri.
*Kaza, legeza*: zungusha hadi kishike, zungusha kiachie.

Kazi yenyewe (watoto, fanyeni na mtu mzima)

1. Nunua geji na sensa zinazolingana. Kuna sensa za omu 10 hadi 180, na nyingine za omu 240 hadi 33. Ukizichanganya, geji itasema uongo.
2. Injini ikiwa imepoa, chomoa waya wa hasi wa betri.
3. Legeza swichi ya taa, uitoe. Tandika kitambaa; oili kidogo itadondoka.
4. Funga kiungo cha T, kisha swichi upande mmoja na sensa upande mwingine. Hivyo taa inabaki. Angalia meno: BSP ya 1/8 ina meno 28 kwa inchi, NPT ya 1/8 ina 27. Kwa macho ni mapacha. Yakikataa kuingia, usiyalazimishe.
5. Usizungushie tepu nyingi. Sensa ya waya mmoja hupata hasi yake kupitia chuma cha injini, na tepu ikizidi huizuia.
6. Geji ina nyaya tatu: wa sensa, wa chanya unaopitia fyuzi na swichi ya ufunguo, na wa hasi unaofungwa kwenye bodi.
7. Rudisha betri, washa injini, tazama kama panavuja. Taa isipozimika baada ya sekunde chache, zima injini mara moja.

Sarufi

Tazama *funga* na *fungua*. Kiishio *-ua* hugeuza kitendo kinyume chake. Vivyo hivyo *kunja* na *kunjua*. Lakini *kaza* haina *kazua*. Kinyume chake ni *legeza*.

Zoezi

1. Taja kinyume cha *ziba*, *chomeka* na *tega*.
2. Kwa nini hatukuitupa swichi ya taa?
3. Waulize wazee nyumbani: mafundi wa kwao waliviitaje vifaa hivi? Mombasa, Unguja na Bukavu huenda wasiseme neno moja. Andikeni mliyoyasikia, tuyalinganishe Jumamosi ijayo.